Mbio za hisani ukiwa Mombasa: kilomita 10, 21 au 42, za wengine au za kuandaa wenyewe?

Kundi la wakimbiaji wa Mombasa likitaka kuchangia jambo, swali la kwanza huwa "tukimbie kilomita ngapi?" Fulana zikishachaguliwa rangi ndipo linapokuja la pili: "na pesa zitapatikanaje?" Hapa tunaanza na hilo la pili, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua la kwanza.

Kujiunga na mbio zilizopo, au kuandaa zenu

Tuseme lengo ni kuinunulia zahanati ya mtaa vitanda viwili vya kujifungulia, nanyi mko wakimbiaji ishirini. Njia ya kwanza ni kuandaa mbio zenu na kuwatoza washiriki 200 kiingilio cha shilingi 1,500. Zinaingia 300,000, na kwa haraka mtu huona vitanda vishapatikana. Sasa toa. Fulana 200 kwa shilingi 500 ni 100,000. Medali 200 kwa 250 ni 50,000. Namba za kifua na chipu za kupimia muda ni 40,000. Ambulensi na watoa huduma ya kwanza, 25,000. Maji, matunda na barafu, 25,000. Hema, vipaza sauti, vyoo vya kukodi na koni za barabarani, 35,000. Matumizi yamefika 275,000. Kilichobaki ni 25,000: katika kila shilingi aliyotoa mshiriki, zahanati imepata senti nane hivi. Bei hizi ni za mfano, weka zile mlizoandikiwa na wauzaji wenu, lakini fanyeni hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kumlipa yeyote arubuni.

Njia ya pili: nyote ishirini mnajiandikisha katika mbio ambazo tayari zipo. Kila mtu analipa kiingilio kutoka mfukoni mwake, na kiingilio hicho hakihesabiwi kama mchango. Kisha kila mmoja anaomba watu 25, kwa wastani wa shilingi 400 kila mtu. Hizo ni 10,000 kwa mkimbiaji na 200,000 kwa kundi zima, wala hazina fulana au hema ndani yake. Mara nane ya njia ya kwanza, bila kufunga barabara hata moja.

Kwa kundi lisilozidi watu thelathini ambalo halijawahi kuandaa mbio, shauri letu ni njia ya pili, na hatuoni haja ya kulizungusha. Ila ina jambo moja linalohitaji uaminifu. Mbio nyingi kubwa zina lengo lake lenyewe la hisani, na kiingilio chako kinakwenda huko. Wewe unachangisha kwa ajili ya zahanati. Waambie wachangiaji wazi kwamba ni mifuko miwili tofauti, na usome masharti ya mbio hizo kuona kama wanaruhusu mshiriki kuchangishia jambo jingine akiwa amevaa namba yao.

Mkiamua kuandaa zenu, kuna njia mbili za kuokoa hesabu ile. Ya kwanza ni kumpata mfadhili wa kubeba gharama zote za siku kabla hamjafungua usajili, ili kiingilio kizima kiende kwa walengwa. Ya pili ni kuondoa fulana na medali katika kiingilio. Anayetaka fulana ainunue kando kwa bei yenye faida. Kwa mfano wetu, ukiondoa hizo mbili matumizi yanashuka hadi 125,000 na zahanati inapata 175,000. Mater Heart Run, inayochangia upasuaji wa moyo wa watoto, imejengwa juu ya fulana: kuinunua ndiko kujiandikisha. Mtindo huo unafaa pale fulana zinapochapishwa kwa maelfu na makampuni yanazichukua kwa mkupuo. Kwa fulana 200, bei ya uchapaji inakula mchango.

Visivyopunguzwa ni ambulensi, maji, na watu wa kusimama kwenye njia panda. Pesa zikikosekana, punguzeni umbali, msipunguze hivyo.

Vibali navyo vinakula muda kuliko watu wanavyofikiri. Barua kwa mkuu wa kituo cha polisi, barua kwa serikali ya kaunti, na wenye barabara yenyewe: barabara kuu ya Malindi iko chini ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), za mjini nyingi ziko chini ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini) au kaunti. Mbio za ushindani zenye zawadi zipitie pia Athletics Kenya, chama cha riadha nchini. Mkinuia kupitisha mikebe ya mchango kwa watazamaji, iko Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106. Ulizieni kibali mapema. Anzeni miezi mitatu kabla. Kosa la kawaida ni kuchapisha bango lenye njia kamili kabla barua haijajibiwa, kisha njia ikabadilishwa wiki ya mwisho, na watu wakafika Nyali wakati mbio zinaanzia Mama Ngina.

Njia ya mzunguko dhidi ya njia ya moja kwa moja

Kwa mbio ndogo za kuandaa wenyewe, mzunguko unashinda karibu kila upande. Chukua mbio za kilomita 10 za kutoka hapa hadi pale: unahitaji meza ya maji kwenye kilomita 2.5, 5, 7.5 na mwisho, kila moja na watu wake, na ambulensi moja inayobaki nyuma kila mara. Mzunguko wa kilomita 2.5 unaokimbiwa mara nne, kwa mfano upande wa Mama Ngina kuelekea Lighthouse, unahitaji meza moja tu inayohudumia mara nne, wasimamizi robo ya wale, na ambulensi haiko mbali na mtu yeyote. Upepo wa bahari nao haukuachi. Ubaya wake ni kwamba walio mbele huwapita walio nyuma kwenye njia nyembamba, na wengine hupoteza hesabu ya mizunguko. Dawa ni utepe au mpira wa mkononi wa rangi tofauti kila mzunguko, au chipu.

Hesabu ya maji tuiweke wazi kwa sababu hapa ndipo mbio nyingi za hisani zinapoharibika. Washiriki 200, kilomita 10: mililita 200 kwa kila mtu mara tatu njiani, na nusu lita mwishoni. Hiyo ni lita 1.1 kwa mtu, lita 220 kwa wote. Ongeza robo, inakuwa 275, yaani madumu kumi na manne ya lita 20. Kando na hayo, weka lita 200 za maji ya kujimwagia, katika mapipa yaliyoandikwa wazi kwamba si ya kunywa. Maji yakipungua, hayapungui kwa wepesi waliopita mwanzo. Yanawaishia wa nyuma, waliokaa juani muda mrefu zaidi na ambao ndio wanaoyahitaji zaidi. Kwa hiyo gawa madumu mapema na uyatenge ya nusu ya pili, yasiguswe mpaka kundi la mbele limalize.

Jambo dogo la lugha, lakini lina maana kwa mchangiaji: marathoni ni kilomita 42.195. Mbio za kilomita 5 ziitwe mbio. Mtu aliyetoa mchango akiamini unakimbia 42, kisha akasikia ilikuwa 5, mwakani hatoi.

Kilomita 10, 21 au 42

Mtu anayeweza sasa hivi kukimbia kilomita 3 bila kusimama, na anayekimbia kwa mwendo wa kawaida, anakabiliwa na haya:

| | Kilomita 10 | Kilomita 21.1 | Kilomita 42.195 |
|---|---|---|---|
| Maandalizi | wiki 8 | wiki 12 hadi 14 | miezi 8 au zaidi, apitie 21 kwanza |
| Mazoezi kwa wiki | siku 3 | siku 3 au 4 | siku 4 au 5 |
| Mbio ndefu kuliko zote mazoezini | km 8 hadi 10 | km 16 hadi 18 | km 30 hadi 32 |
| Akianza saa 12:00 asubuhi, anamaliza | saa 1:15 | saa 2:45 | saa 5:45 |

Utazame sana mstari wa mwisho. Mombasa jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi. Wa kilomita 10 anamaliza jua likiwa bado changa. Wa 21 anapata saa moja na zaidi ya jua lenyewe. Wa 42 anamaliza karibu na adhuhuri, na saa zake mbili za mwisho, ambazo mwili umeshachoka, ndizo zenye joto kuliko zote. Umbali umeongezeka mara nne, lakini hatari imeongezeka kupita hapo.

Je, pesa zinaongezeka na umbali? Kidogo, na mara moja. Mtu anayekimbia 42 kwa mara ya kwanza maishani mwake huwagusa watu, nao hutoa. Mwaka wa pili wanatoa kama wanavyotoa kwa 10. Shangazi wa Kisauni haongezi mara mbili kwa sababu kilomita zimeongezeka mara mbili. Anaongeza akijua ni vitanda, ni viwili, na ni vya zahanati ile aliyojifungulia binti yake. Mfano mkubwa wa 42 kutumika vizuri ni Margaret Kenyatta, wakati huo mke wa rais wa Kenya, aliyekimbia London Marathon Aprili 2014 kuchangia kliniki tembezi za Beyond Zero, kampeni yake ya afya ya mama na mtoto. Alichukua takriban saa saba, na hakuna mchangiaji aliyedai arudishiwe kwa sababu ya mwendo. Lakini alikuwa ameshakimbia 21 Nairobi mwezi uliotangulia, na nyuma yake kulikuwa na kazi ya kuomba iliyofanywa kwa miezi.

Kwa mkaazi wa Mombasa mwenye kazi ya kutwa, 21 ndiyo kipimo tunachokipendekeza: ni ndefu kiasi cha kumfanya mjomba ainue nyusi, na mazoezi yake yanaingia katika asubuhi tatu za wiki na Jumapili moja. Kwa kundi lenye watu wa rika na uzani tofauti, chukueni 10 na waruhusiwe kutembea. Kumi waliokimbia 10, kila mmoja na wachangiaji wake 25, wanaleta zaidi ya wawili waliokimbia 42.

Fukuto, ambalo ndilo linaloitofautisha Mombasa

Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, katika uwanja wa gofu wa Mombasa. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 12 tu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindwa mashindano hayo tangu 2002, aliacha njiani, na wengi wengine hawakumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kama joto la Machi liliwaangusha watu hao, anayekimbia baada ya kazi na asilichezee.

Kinachotokea ni hiki. Mwili haupozwi na jasho kutoka, unapozwa na jasho kukauka. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho linadondoka tu bila kukauka, na mwili unaendelea kupata moto huku unapoteza maji. Ndiyo maana nyuzi 28 za Mombasa zinachosha kuliko nyuzi 32 za mahali pakavu, na ndiyo maana fulana ya pamba iliyolowa, inayogandamana na mgongo, ni mzigo. Vaa kitambaa chepesi cha michezo. Sehemu zinazosuguana, yaani kwapa, mapaja na chuchu kwa wanaume, zipakwe mafuta ya mgando kabla ya kutoka nyumbani. Dada wanaokimbia na hijabu watafute ya kitambaa hichohicho chepesi, wala si pamba nzito, na waipime kwenye mazoezi marefu kabla ya siku yenyewe.

Kiasi cha kunywa kipime mwenyewe. Jipime uzani kabla ya kukimbia saa moja, kimbia bila kunywa, jifute jasho, jipime tena. Kilo moja iliyopungua ni lita moja hivi ya maji. Wengi watahitaji kati ya mililita 400 na 800 kwa saa. Kunywa kupita jasho unalotoa nako ni hatari: chumvi ya damu inashuka, mtu anavimba vidole, kichwa kinauma, anatapika, na akipewa maji zaidi anazidi kuharibika. Kwa 21 na kuendelea maji matupu hayatoshi. Madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, kwa hiyo ni mazuri baada ya mbio na si badala ya chumvi. Mchanganyiko wa kujitengenezea ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Zaidi ya dakika 75 ongeza wanga, gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina gramu 25 hivi, na tende tatu kubwa zinazidi 45. Chochote utakachokula siku hiyo kiwe umeshakila mazoezini.

Jambo jingine: usimeze ibuprofeni wala diklofenaki asubuhi ya mbio ili kuzuia maumivu. Mwili uliopungukiwa maji pamoja na dawa hizo unaumiza figo.

Na kwa waandaaji: mkimbiaji anayeyumba, anayejibu ovyo, asiyejua yuko wapi, huyo amepigwa na joto, hata kama bado anatoka jasho. Anapozwa hapohapo kwanza, ndipo apelekwe hospitali. Kumpakia kwenye gari lililokwama kwenye foleni ya Buxton akiwa bado na moto ni kumpotezea dakika zinazookoa maisha. Weka mwishoni mwa njia beseni kubwa la kumtosha mtu mzima, maji, na barafu. Vile vipande vikubwa vya barafu wanavyonunua wavuvi ni bei nafuu na haviyeyuki upesi. Beseni likikosekana, mashuka yaliyochovywa kwenye maji ya barafu, yabadilishwe kila dakika moja au mbili, mwili mzima.

Kwa hiyo tarehe: kati ya Juni na Septemba, kusi likivuma, ndio wakati wa mbio ndefu Mombasa. Machi ni mwezi wa kuepukwa. Aprili na Mei ni masika na barabara hujaa maji. Wageni wanaoshuka kutoka bara wakimbizwe wakiwa wamekaa siku kumi hadi kumi na nne, au waambiwe wapunguze mwendo kwa nusu dakika hivi kila kilomita.

Kusafiri: Lewa au Nairobi

Watu wa Pwani wanaotaka mbio zenye jina kwa kawaida hupima hizi mbili. Lewa Safari Marathon ilianza mwaka 2000, inakimbiwa Juni ndani ya hifadhi ya wanyamapori, na yenyewe ni mbio za kuchangisha: fedha zinakwenda kwenye uhifadhi, elimu na afya ya jamii zinazozunguka. Standard Chartered Nairobi Marathon ilianza 2003, kwa kawaida huwa Oktoba, na kwa miaka mingi ilichangia matibabu ya macho.

Zote mbili ziko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi za mtu wa Mombasa zitakatika kotekote. Tofauti iko kwingine. Lewa ni vumbi, vilima na jua la wazi. Nairobi ni lami. Lewa iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kaskazini mwa Nairobi, kwa hiyo baada ya treni au basi bado kuna safari nyingine na kulala hemani, na gharama hiyo mtu asiwabebeshe wachangiaji.

Lakini kinachoamua zaidi ni kalenda ya mazoezi, na hili husahaulika. Ukilenga Lewa ya Juni, mazoezi yako marefu yanaangukia Februari hadi Mei: kwanza joto la kaskazi, kisha masika. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani nayo imo humo, Februari na Machi. Inawezekana, kwa kukimbia baada ya tarawehe na kuacha mbio ndefu mpaka baada ya Idi, lakini wiki nne zinapungua. Ukilenga Nairobi ya Oktoba, unajiandaa Juni hadi Septemba, asubuhi za kusi. Kwa anayeanza, Nairobi. Lewa iwe ya mwaka wa pili, hasa kama lengo lako la hisani ni uhifadhi wenyewe.

Wapo pia wanaoota London. Huko mashirika ya hisani hupewa nafasi, nayo humpa mkimbiaji anayeahidi kuleta kiasi maalumu, mara nyingi pauni 2,000 au zaidi. Soma mkataba: baadhi yao hudai pengo ulilipe wewe.

Ahadi kwa kilomita, au mchango wa mkupuo

Ahadi kwa kilomita inavutia: shilingi 50 kwa kilomita, ukikimbia 21 ni 1,050. Tunaipinga kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kukusanya. Ahadi ni deni, lakini baada ya mbio hamu ya watu imeshapoa, na unabaki ukimkumbusha mtu mzima deni la shilingi elfu. Ya pili ni kubwa zaidi. Mkimbiaji aliyezidiwa kwenye kilomita ya 16 na anayejua kila hatua ina pesa za zahanati atajilazimisha kuendelea. Mchango usifungwe kwenye mwili wa mtu. Omba kiasi kamili, kilipwe kabla ya siku, na waambie wachangiaji kwamba hata ukisimamishwa na daktari pesa ni ya zahanati.

Omba kati ya tarehe 28 na tarehe 5, mishahara ikiwa imeingia. Januari acha, ni ya karo. Tuma kwa mtu mmoja mmoja, kwa sababu ujumbe wa kundini kila mtu huwaachia wengine. Taja kiasi. Mfano:

"Shikamoo mjomba, habari za nyumbani? Jumapili ya tarehe 18 nakimbia kilomita 21 kuchangia vitanda viwili vya kujifungulia katika zahanati yetu. Natafuta watu 25 wa shilingi 400. Naomba unishike mkono kwa hiyo au chochote ulichojaliwa. Pesa haipiti kwangu: ni Paybill ya zahanati, kwenye akaunti andika MBIO na jina langu. Vitanda vikifika nitakuonyesha risiti, inshallah."

Namba yako, Till, au Paybill

Namba ya mtu binafsi ndiyo rahisi na ndiyo mbaya. Mchango unachanganyika na pesa za mboga, salio la M-Pesa haliruhusiwi kupita shilingi 500,000, na mtu akiuliza zimefika ngapi, jibu liko kwenye simu ya mtu mmoja. Till, yaani namba ya M-Pesa ya biashara, inatenganisha, lakini haina nafasi ya akaunti, hivyo hujui mchango umeletwa na mkimbiaji yupi. Paybill ya shirika lenyewe, yaani namba ya malipo ambayo mtumaji huandika pia akaunti, yenye akaunti ya kila mkimbiaji, ndiyo bora: inaonyesha nani kaleta nini, na mkimbiaji hashiki shilingi. Uliza kabla nani anabeba ada ya muamala, na uombe taarifa kila Ijumaa.

Shirika nalo likaguliwe: cheti cha usajili, akaunti ya benki yenye jina la shirika wala si la mwenyekiti, na PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi). Yaliyokuwa yakisajiliwa kama NGO sasa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, kwa hiyo cheti cha zamani kiulizwe kimehamishwa au la.

Mwisho, jambo la hapa kwetu. Baadhi ya wachangiaji watakuambia pesa hii ni zaka. Zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa, na vifaa vya jengo la umma au gharama za mbio si vya kuamuliwa na mkimbiaji kwamba vimo. Fungua akaunti mbili kwenye Paybill ileile, moja ZAKA na nyingine SADAKA, na ile ya ZAKA iende tu kwa matumizi ambayo imamu wa mchangiaji ameridhia, kwa mfano kumlipia mama asiye na uwezo gharama za kujifungua. Muulize mchangiaji siku anayotoa, kwa sababu pesa zikishachanganyika hakuna atakayeweza kuzitenganisha.